Kabla ya Kutuma Malipo ya Kwanza ya Fleti, Angalia Nyuma ya Geti

Jumamosi asubuhi ndiyo saa ya kuangalia nyumba. Ukishuka matatu pale Ruaka au Syokimau utawaona: mume na mke wamevaa vizuri, dalali ametangulia na funguo mkononi, na mbele yao jengo la ghorofa saba lenye geti jeusi linalong'aa. Kabro imefagiliwa. Maua yamemwagiliwa maji. Mlinzi anapiga saluti. Kwenye ngazi bado kunanuka rangi mbichi, na kabati za jikoni hazijatolewa hata zile nailoni za dukani. Kufikia saa sita dalali ameshasema kuna mtu mwingine anaitaka nyumba hiyo hiyo, na ametuma namba ya simu ya kulipia "kitu kidogo tu cha kuishikilia".

Hapo ndipo sisi tunaingia, kwa sababu pesa hiyo inapita kwetu. Mambo yakiharibika, simu ya kulalamika inapigwa kwetu pia, na mara nyingi inapigwa tukiwa tumeshachelewa kusaidia. Kwa hivyo leo tuzungumze kabla pesa haijatoka. Kupaka geti rangi ni kazi ya siku moja. Kitu unachonunua ni paa, pampu, bomba la maji taka na mfuko wa pamoja wa kuvitunza, na hivyo havionekani Jumamosi asubuhi.

Unanunua pia kipande cha vitu vya watu wote

Mtu akinunua ploti ya futi 50 kwa 100 akajenga, mambo yake ni yake. Ua ukianguka, anausimamisha akipata pesa. Paa likivuja anamwita fundi, au anaweka ndoo asubiri mwisho wa mwezi. Hakuna wa kumuuliza.

Kwenye fleti haiko hivyo. Ukuta wa nje ni wa wote, na ngazi, lifti, matangi, kisima, taa za nje na barabara ya ndani pia ni vya wote. Paa la zege likianza kupitisha maji, wa ghorofa ya juu anaumia kwanza, lakini hawezi kulitengeneza peke yake, na wa chini hana haraka. Wewe unaweza kuwa na sebule safi kuliko zote pale, na bado jengo likaoza ukiwa ndani.

Kinacholizuia lisioze ni ada ya huduma, ile wengi wetu huiita sevisi chaji. Wanunuzi wengi huiuliza dakika ya mwisho, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Hebu tufanye hesabu. Namba hizi tumezitunga kwa ajili ya mfano, lakini weka za jengo lako na utaona picha ileile.

Tuseme jengo lina fleti 40, na kila moja inalipa shilingi 6,000 kwa mwezi. Wote wakilipa, mfuko unapata 240,000. Walinzi wanachukua 100,000. Usafi na kubeba taka, 40,000. Stima ya ngazi, taa za nje na pampu, 45,000. Fundi wa lifti, 20,000. Jumla ni 205,000, na zinabaki 35,000 za akiba. Ndani ya miaka miwili akiba hiyo inafika 840,000, pesa ya kupaka jengo rangi nje au kununua pampu mpya bila mchango wa dharura.

Sasa tuseme nyumba 15 hazilipi. Wengine wako nje ya nchi, wengine wamepangisha na kila mmoja anasema mwenzake ndiye wa kulipa, na kuna wale wamekasirika tu kwa sababu lifti ni mbovu. Mfuko unapata 150,000. Mahitaji bado ni 205,000. Kila mwezi kuna pengo la 55,000, na pengo halijazwi kwa maneno. Walinzi hawaachi kulipwa, maana wataondoka. Stima ya tokeni haikopeshwi. Kwa hivyo kinachokatwa ni kile kisichopiga kelele: huduma ya lifti, kusafisha matangi, kuziba nyufa, rangi. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tatu lifti imefungwa kwa kamba, na wale 25 waliokuwa wakilipa wanaanza kuuliza wanalipia nini. Nao wanaacha.

Na usisahau urefu wa safari. Shilingi 6,000 kwa mwezi ni 72,000 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni 1,440,000, hata kama ada haitapanda. Ukikopa kwenye Sacco au benki, weka kiasi hicho kando ya rejesho la mkopo kabla ya kusema unaimudu nyumba.

Macho yatazame wapi

Rangi mpya si dhambi. Mwenye kuuza ana haki ya kupamba, hata sisi tungepamba. Shida ni rangi iliyopakwa juu ya tatizo.

Anza chini, ghorofa ya kwanza, mahali ukuta unapokutana na ardhi. Rangi ikiwa imefura malengelenge au inabambuka kwa mstari mmoja unaozunguka jengo, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, na kopo jipya la rangi litakaa msimu mmoja tu. Tazama chini ya madirisha kama kuna michirizi. Tazama chini ya roshani na kwenye dari la maegesho: madoa ya rangi ya kutu kwenye zege yanaonyesha maji yamefika kwenye nondo. Hilo halitengenezwi na fundi wa rangi, na si la kulipuuza kwa sababu ndani kuna vigae vizuri.

Panda mpaka juu kabisa. Dalali akisema mlango wa paa umefungwa na funguo hazionekani, mwambie utasubiri. Kule juu kuna matangi. Angalia kama yana vifuniko, kama maji yanamwagika muda wote, na kama yanasimama mahali pakavu au kwenye dimbwi lenye majani mabichi. Dimbwi la kudumu juu ya paa ndilo doa la kesho kwenye dari la mtu.

Maji yanahitaji swali lake peke yake. Maeneo mengi ya pembezoni mwa Nairobi yanategemea visima au malori ya maji, na maji ya visima vya upande wa Syokimau, Athi River na Kitengela yanajulikana kwa chumvi. Huhitaji maabara kwa hatua ya kwanza. Omba kuona birika kwenye nyumba ya mtu anayeishi pale, halafu tazama kichwa cha bafu. Gamba jeupe gumu likiwa limeziba vitundu, utakuwa unabadilisha mifereji na hita mara kwa mara, na maji ya kunywa utanunua. Hiyo ni gharama ya kila mwezi ambayo haimo kwenye tangazo.

Maji taka nayo. Ambako bomba la maji taka la kaunti halijafika, jengo lina shimo lake, na shimo linanyonywa na lori. Uliza linanyonywa mara ngapi, nani analipa, na lori linaegesha wapi. Halafu vuta pumzi. Pua haidanganywi na maua.

Nenda mara ya pili bila dalali. Nenda saa mbili usiku wakati watu wanapika na kuoga, ndipo utajua nguvu ya maji ya ghorofa ya tano, mahali pa kuegesha, na kama taa za ngazi zinawaka. Ukiweza, nenda baada ya mvua kubwa ya Aprili au Novemba. Barabara iliyokuwa na vumbi zuri mwezi wa pili inaweza kuwa mto. Na zungumza na watu ambao hawapati kamisheni: mama mboga wa pale nje, vijana wa bodaboda, jirani anayeanika nguo. Swali moja tu linatosha: "Hapa maji yalipotea lini mara ya mwisho?" Utaambiwa mpaka mambo ambayo hukuuliza.

Omba kuona hesabu

Mtu anayenunua matatu ataomba kuona injini. Lakini mtu anayenunua fleti ya shilingi milioni sita anaona aibu kuuliza kama chama cha wenye nyumba kina pesa. Usione aibu. Kupitia kwa mwenye kuuza, omba hesabu za mfuko wa jengo za mwaka uliopita, orodha ya nyumba zinazodaiwa (hata bila majina), na kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho. Katika karatasi hizo utasoma hali ya jengo kuliko utakavyoiona kwenye ukuta. Mkutano uliojadili kisima kukauka utakuambia kisima kimekauka.

Omba pia barua inayosema nyumba unayonunua haidaiwi ada ya huduma. Tunasisitiza hili kwa sababu ndipo watu wazuri hunaswa. Mwenye kuuza amekaa miaka mitatu bila kulipa. Kwa ile ada yetu ya mfano, hiyo ni 216,000. Wewe umelipa nyumba, umekuja na lori la vitu, na pale getini unaambiwa nyumba namba fulani ina deni na halifunguliwi mpaka lilipwe. Mnaweza kubishana kisheria mpaka jioni, lakini friji iko kwenye lori na watoto wana njaa. Mwambie wakili wako aandike kwenye mkataba kwamba deni lote la kabla ya siku ya makabidhiano ni la mwenye kuuza, na kwamba litalipwa kutoka kwenye bei kama halijalipwa.

Kama jengo halina hesabu zozote, na mtu mmoja ndiye anayepokea pesa kwa simu yake na kukumbuka kichwani, hilo nalo ni jibu.

Karatasi

Hapa tutapita kwa kasi zaidi kwa sababu ni kazi ya wakili, na wakili lazima awe wako, si yule wa mwenye kuuza mliyeambiwa "atawahudumia wote". Lakini kuna mambo unapaswa kuyajua kabla ya kuingia ofisini kwake.

Zamani ukinunua fleti ulipata mkataba wa kukodi wa miaka mingi pamoja na hisa kwenye kampuni ya usimamizi, huku hatimiliki ya ardhi yote, ile watu huiita hatimiliki mama, ikiwa moja. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, ilibadilisha mambo. Sasa fleti yenyewe inaweza kuwa na hatimiliki yake, na jengo likisajiliwa hivyo wenye fleti wote wanakuwa wanachama wa shirika moja la wamiliki. Shirika hilo ndilo linalosimamia vitu vya pamoja, linakusanya michango, na linaweza kumdai asiyelipa kama deni. Kwa hivyo swali la kuuliza ni fupi: fleti hii ina hatimiliki yake, au bado iko chini ya hatimiliki mama? Kama bado, mpango wa kubadilisha umefika wapi na nani analipia? Majengo ambayo hayajabadilishwa bado yapo mengi. Hilo pekee lisikukimbize, ila ujue unanunua nini.

Fanya upekuzi wa rekodi za ardhi, ile sachi. Kwa Nairobi, mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021 ndio njia ya kawaida, na ada zake hulipwa kwa njia rasmi za serikali. Paybill ya eCitizen ni 222222. Hakuna sababu ya kumtumia dalali pesa ya sachi kwenye namba yake. Upekuzi unakuonyesha jina la mmiliki, na kama ardhi imewekwa rehani benki. Jengo zima likiwa limeshikiliwa na mkopo wa mjenzi, fleti yako imo ndani ya mkopo huo hata kama wewe umemaliza kulipa, mpaka benki iiachilie kwa maandishi.

Mtu akikuambia "karatasi tutazimalizia baadaye", kumbuka Syokimau mwaka 2011, nyumba nzuri za kudumu zilipobomolewa karibu na uwanja wa ndege kwa sababu ya mgogoro wa ardhi. Kumbuka Mavoko Oktoba 2023, watu walipobomolewa kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji. Wengi walikuwa wamelipa, na wengine walikuwa na makaratasi mikononi. Wakili apekue mpaka chanzo cha ardhi, asiishie kwenye nakala aliyopewa na muuzaji.

Mengine ni haya. Mapatano ya kuuza ardhi au nyumba lazima yawe kwa maandishi, yasainiwe na pande zote mbele ya shahidi. Ujumbe wa simu na neno la mdomo havitoshi kukupeleka mahakamani kudai nyumba. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hivyo nyumba ya milioni sita inahitaji 240,000 nyingine kutoka kwako mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya mwenye kuuza. Asikuingizie kwenye bei kimyakimya. Omba kuona cheti cha kaunti kinachoruhusu watu kuhamia jengo hilo. Dalali awe amesajiliwa na bodi ya madalali wa nyumba, EARB, na wakili awe na cheti cha mwaka huu. LSK ina orodha mtandaoni.

Na ikiwa jengo bado halijajengwa, unaonyeshwa picha za kompyuta zenye watoto wanaokimbia kwenye nyasi? Basi hakuna ukuta wa kukagua wala jirani wa kuuliza. Kagua jengo la mwisho alilomaliza mjenzi huyo, la miaka mitano iliyopita, na ulipe kulingana na hatua za ujenzi zilizoandikwa kwenye mkataba. Usilipe kwa tarehe za kalenda peke yake.

Pesa ipite wapi

Sasa turudi kwenye ile namba ya simu ya dalali.

Malipo ya kwanza kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na hulipwa mkataba unaposainiwa. Kwa nyumba ya milioni sita ni shilingi 600,000. Kwenye pesa za simu, muamala mmoja hauzidi 250,000 na kwa siku huwezi kupita 500,000. Maana yake malipo halisi ya kwanza ya nyumba kama hiyo hayawezi kutoka kwenye simu yako siku moja, hata ukitaka. Mtu akikuelekeza ugawe kiasi hicho, nusu kwa namba hii, nusu kwa namba ya shemeji yake, "ili tusipite kikomo", simama hapo hapo. Pesa hiyo inapaswa kwenda kwenye akaunti ya benki ya wakili, anayeishikilia kwa niaba ya pande zote mbili mpaka masharti ya mkataba yatimie. Kutoka kwenye simu unaweza kulipa akaunti hiyo kwa Paybill ya benki, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ukiandika namba ya akaunti sawasawa.

Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Tunajua mnalipita mbio. Lisome. Mkataba ukisema unalipa kampuni na skrini inaonyesha jina la mtu, usiendelee. Usikubali maelezo ya "hiyo ni Till ya mhasibu wetu".

Ile "ada ya kuangalia nyumba" inayoombwa kabla hujaonyeshwa hata mlango nayo ni ya kuchunga. Kiasi huwa kidogo, elfu moja au mbili, na ndiyo maana watu hutuma bila kuuliza. Baadaye namba haipatikani, na picha za nyumba zilikuwa za jengo lingine kabisa. Ona nyumba kwanza.

Tuseme ukweli hapa hata kama hautupendezi. Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi. Ukikosea tarakimu, tuambie mara moja, na kama pesa bado iko kwa aliyeipokea tunaweza kuizuia na kushughulikia. Lakini ukimtumia mtu uliyekusudia kumtumia, kwa hiari yako, halafu akakudanganya, muamala ulikwenda pale ulipoutuma. Pesa ikishatolewa kwa wakala hatuna kitu cha kurudisha. Utahitaji polisi, OB, na taarifa ya miamala ambayo tutakupa. Tungependa sana usifike hapo.

Ukishahamia

Mambo ya mbele ya nyumba hayaishi siku ya kununua. Ukuta wa nje na geti havipakwi rangi na mtu mmoja kwa rangi anayoipenda. Jengo lenye roshani za kijani, pinki na kahawia halimvutii mpangaji wala mnunuzi. Vilivyo vyako ni mlango wako, roshani yako na madirisha yako. Mafuta kidogo kwenye bawaba, rangi ya mafuta kwenye vyuma kabla kutu haijala, sufuria mbili za maua zisizodondosha maji kwa jirani wa chini. Mfereji unaodondosha mwite plamba wiki hiyo hiyo, kwa sababu maji yanayopotea hutoka kwenye tangi la wote na stima ya kuyapandisha mnailipia wote.

Kwenye ada ya huduma, kama chama chenu bado kinakusanya kwa namba ya mweka hazina, pelekeni jambo hilo kwenye mkutano ujao. Hatusemi ni mwizi. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kuliko wote pale, lakini pesa ya walinzi ikichanganyika na karo ya mtoto wake kwenye simu moja, hata yeye hawezi kujitetea siku hesabu zitakapokosa kulingana. Fungueni Paybill kwa jina la shirika au chama, namba ya nyumba iwe ndiyo namba ya akaunti, na kutoa pesa kuhitaji idhini ya watu wawili au watatu. Kila tarehe tano bandikeni taarifa ya mwezi pale kwenye ngazi: zilizoingia, zilizotoka, nyumba zinazodaiwa kwa namba. Aliyelipa ataona namba yake imelipwa. Asiyelipa ataona pia, na majirani wataona. Mara nyingi karatasi hiyo moja hukusanya deni haraka kuliko barua za wakili.

Kama umenunua ili upangishe, amueni mapema ada iko ndani ya kodi au mpangaji analipa kando, na muandike. Shirika litakutafuta wewe mwenye nyumba.

Wewe unapolipa, andika namba ya nyumba kamili, pamoja na herufi ya jengo. B4 na D4 ni familia mbili tofauti, na kila mwisho wa mwezi kuna mtu anayelipia jirani yake bila kujua. Hifadhi meseji ya uthibitisho. Ukiifuta, omba taarifa ya miamala ya miezi unayohitaji na uiweke kwenye faili moja na mkataba wa nyumba. Siku utakapoamua kuuza, mnunuzi wako atafika Jumamosi asubuhi na kuuliza kama nyumba inadaiwa, na utampa karatasi hiyo kabla hamjapanda ngazi.